Gereza Halikuwa Jela

Ipo hadithi inayosimuliwa Mombasa mbele ya lango la Ngome ya Yesu, ikasimuliwa tena Unguja chini ya kuta za Ngome Kongwe, na haikosi kuchomoza kila yanapotajwa mambo ya Wareno na lugha. Husemwa kwamba Wareno walipoitawala pwani waliwakamata wenyeji wakawafungia ndani ya makanisa yao. Na kwa kuwa kanisa kwa Kireno ni igreja, wenyeji wakaliita jumba hilo la mateso gereza, na jina likaganda. Hadithi ni fupi, ina dhalimu na mdhulumiwa, na msikilizaji huondoka akitikisa kichwa. Ila moja tu: mwanzo wake ni kweli, mwisho wake ni kweli, na katikati yake hamna kitu.

Lau ingekuwa ni hadithi ya kupitishia wakati, ingeachwa ijiendee. Lakini imekwisha kuvuka baraza. Imeingia katika mihadhara, ambamo hutolewa ushahidi kwamba wazee wa pwani walikwisha kulihukumu kanisa zamani, wakaliita jela, na hukumu ya wazee haikatiwi rufaa. Imeingia katika malumbano ya washairi, ambamo mtu akikosa hoja hurusha gereza na kanisa katika mshororo mmoja akaona ameshinda. Na kwa upande wa pili wamejitokeza wapatanishi wenye nia njema, ambao kwa kuchelea ugomvi hukataa katakata kwamba gereza lina nasaba yoyote na kanisa. Hao wanaolitumia neno kama rungu na hao wanaolificha uvunguni wanafanya kosa moja: wote wamekubaliana, pasina kujua, kwamba neno likiwa na asili ya kanisa basi ni tusi kwa kanisa. La hasha. Neno hili lina habari nyingine kabisa ya kueleza, na habari hiyo haimpendezi yeyote kati yao.

Kwanza asili, maana hapo ndipo wapatanishi wanapoteleza. Sauti zenyewe zinatosha kutoa ushahidi. Irabu ya mwanzo ya igreja hutamkwa kwa wepesi, na si ajabu ikamponyoka sikio mgeni. Mfuatano wa g na r ulikuwa mzito kwa ulimi wa Mswahili, ukatiwa irabu baina yake. Na ile j ya Kireno, ambayo si j ya Kiswahili bali ni sauti iliyo baina ya z na sh, ilikosa pa kukaa ikahamia kwa jirani wa karibu, nayo ni z. Yaliyolipata igreja ni yale yale yaliyoyapata maneno mengine ya Kireno yaliyobaki vinywani mwa watu: mesa likawa meza, bandeira likawa bendera, lenço likawa leso. Maneno hayo hakuna anayeyakataa. Hakuna aliyewahi kusimama msikitini au kanisani akaikana meza.

Kama mtu hatosheki na sauti, na avuke bahari. Kwa Kihindi, Kiurdu na Kibengali kanisa huitwa girja. Kwa Kimalei na Kiindonesia huitwa gereja, neno ambalo Mswahili akilisoma kwa haraka atadhani mpigachapa amekosea herufi moja. Yote mawili ni watoto wa igreja, yamepandikizwa na merikebu zile zile zilizotoka Lisbon, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikatia nanga Msumbiji na kuendelea hadi Goa na Malaka. Mkristo wa Jakarta huenda gereja asubuhi ya Jumapili akarudi kwake mchana kula pamoja na wanawe. Neno ni moja, bahari ni moja, na waliolileta ni wamoja. Kwa nini basi huku likaingia jela na kule likabaki na msalaba wake?

Wanaosimulia hadithi ya wafungwa wa kanisani hawajajiuliza suali hili, na jawabu lake ndilo linaloivunja hadithi yao. Kule Goa na Malaka, Wareno walipodhoofika walibaki watu waliokuwa wakisali. Palikuwa na jamaa nzima za Wakristo wenyeji, wana majina ya Kireno na ngozi za huko huko, nao waliendelea kulihitaji neno la kuitia nyumba ya ibada. Neno likabaki kwa wenyewe. Pwani ya Waswahili haikuwa hivyo. Wareno walikaa huku karibu karne mbili, tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 hadi Mombasa ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698, na walipoondoka hapakubaki jamii ya Wakristo wa kulirithi neno. Lilikuwa mithili ya joho lililoachwa ukutani na mwenyewe akenda zake. Kilichobaki ni jumba. Na jumba tupu huwa la mwenye kuliingia.

Jumba gani? Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu wengi wanapolisikia neno kanisa huliona lile la leo, limesimama peke yake mtaani, milango wazi, watoto wanacheza uani. Igreja la Wareno wa karne ya 16 halikuwa hivyo machoni mwa mtu wa pwani. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno katika India. Jina walilolichagua wajenzi halikuwa la mfalme wala la nahodha. Waliiita ngome ya Yesu. Ndani ya kuta hizo mlikuwa na mizinga, maghala, nyumba ya kapteni, birika la maji, na kanisa. Mtu aliyeketi barazani Mji wa Kale akatazama baharini hakuwa na njia ya kutenganisha pale ngome inapokomea na pale kanisa linapoanzia. Kengele na mzinga vilitoka katika ukuta mmoja. Mwenye kusema "igreja" alikuwa amesema yote kwa pamoja: dini ya watu wale, askari wao, na jengo lao.

Ni kweli kwamba palikuwa na makanisa nje ya ngome. Mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino walikuwa na nyumba yao mjini Mombasa, na Unguja pia Wareno walikuwa na kanisa lao dogo mbele ya bahari. Lakini hata hayo hayaisaidii hadithi ya wafungwa. Tukio kubwa kuliko yote ya zama zile ni la mwaka 1631, na kila mpenda tarehe wa Mombasa analijua. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa sultani aliyeuawa kwa hila za Wareno. Alipelekwa Goa akiwa mdogo, akabatizwa Jerónimo, akalelewa na mapadri, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini ya bendera ya Ureno. Mwezi wa Agosti mwaka ule aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akaurudia Uislamu, na mji ukawaka. Wareno wa mjini walikimbilia wapi? Kwenye nyumba ya mapadri. Wengi wa waliokataa kuiacha dini yao waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika Wakristo. Msomaji anaweza kumhusudu Yusuf au kumlaumu, hiyo ni hiari yake. Ila katika tukio hilo zima kanisa linaonekana kama kimbilio la Wareno wenyewe walipozidiwa. Silaha, mamlaka na vitisho vilikuwa ngomeni.

Kisha ikaja siku ya kubadilishana funguo. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu tangu Machi 1696, wakaiteka Disemba 1698, baada ya njaa na maradhi kuwamaliza waliokuwamo. Unguja nako Waomani walijenga ngome yao pale pale palipokuwa na kanisa la Wareno, wakaziingiza kuta za kanisa ndani ya kuta za ngome. Na ngome hiyo ndiyo hii iitwayo leo Ngome Kongwe, mbele ya Forodhani. Hapa neno gereza lilibadili kazi bila kubadili makaazi. Padri ametoka, liwali ameingia. Msalaba umeshuka, bendera nyekundu imepanda. Lakini jengo ni lile lile na watu wameshazoea kuliita gereza. Wakaendelea kuliita hivyo. Kwa hiyo maana ya pili ya neno hili, baada ya kanisa, haikuwa jela. Ilikuwa ngome.

Anayetaka ushahidi wa hilo asiende maktaba; apande mashua hadi Kilwa Kisiwani. Jengo kubwa la mawe linalomkabili pale pwani, lenye minara pembeni na mlango wa mbao ulionakishiwa, linaitwa Gereza hadi leo. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 wakaiacha mwaka 1512, na sehemu kubwa ya hilo linaloonekana sasa ni kazi ya zama za Waomani. Wenyeji wakilitaja Gereza hawamaanishi kwamba kuna mtu aliyefungwa humo. Wanamaanisha ngome, kama walivyomaanisha babu zao. Kilwa imelihifadhi neno katika hali ambayo Unguja na Mombasa zimeisahau, na msamiati uliokusanywa na wamisionari katika karne ya 19 unathibitisha hayo hayo, kwani unaziweka maana mbili bega kwa bega, ngome na jela, kama jambo lisilohitaji maelezo.

Na kwa nini lisihitaji maelezo? Kwa sababu ngome ya sultani ndiyo iliyokuwa na ukuta mrefu kuliko nyumba zote, ndiyo iliyokuwa na askari wa Kibulushi mlangoni, na ndiyo mahali pa asili pa kumtia mtu ambaye mtawala hataki aonekane mjini. Ngome Kongwe ya Unguja ilikuwa jela katika karne ya 19. Walipokuja Waingereza hawakusumbuka kutafuta pengine. Waliitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1895 wakaifanya jela hadi 1958, yaani miaka 63 mfululizo. Ngome ya Lamu, ambayo Wareno hawakuweka hata jiwe moja ndani yake, iligeuzwa jela mwaka 1910 na ikaendelea kuwa jela, chini ya Waingereza na kisha chini ya Kenya huru, hadi 1984. Mtoto aliyezaliwa Mombasa mwaka 1900 alizeeka bila kuliona gereza la mji wake kuwa kitu kingine isipokuwa minyororo na milango ya chuma. Maana ya ngome ikafa kimyakimya, ikabaki ya jela peke yake.

Hapo ndipo penye uchungu kwa wale wa mihadhara. Wanalirusha neno hili kwa Wareno, na kupitia kwa Wareno kwa kila mwenye kuvaa msalaba, wakati walioligeuza gereza kuwa jela ni askari wa masultani Waislamu na baada yao maafisa wa Kiingereza waliokuwa wakihesabu bei ya mawe. Mreno alileta neno, hakuleta maana. Anayetaka kulifanya neno hili kuwa hukumu, na aitoe hukumu kwa utaratibu: wa kwanza kuitwa kizimbani hatakuwa padri.

Wapo pia wanaoona werevu katika kulingana kwa gereza na Mngereza, wakasema Mngereza ni mtu wa gereza. Huo ni mchezo wa maneno, na kwa mtu aliyeishi Mombasa kabla ya 1958 ulikuwa na ladha yake, haina ubishi. Lakini jina la Waingereza limetokana na namna Wareno na Waarabu walivyowaita watu wa kisiwa kile, halina udugu na jela. Mchezo ubaki mchezo.

Ama kanisa lenyewe, jina lake la sasa lina kisa kinachostahili kusikilizwa na pande zote. Wamisionari wa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa walipofika pwani katika karne ya 19 walilazimika kuipa nyumba yao ya ibada jina la Kiswahili. Neno la Kireno lilikuwapo, liko tayari, lina umri wa karne mbili na nusu. Lakini nani angeitikia mwaliko wa kwenda gerezani kusali? Neno lilikwisha kuharibika kwa kazi ile, si kwa chuki ya dini bali kwa minyororo iliyokuwa ikilia ndani yake. Kukatumika kanisa, neno la Kiarabu, ambalo Mswahili aliyesoma alikuwa akilijua kwa njia ya vitabu vya Kiislamu. Askofu naye akawa na jina la Kiarabu, kasisi vilevile. Kwa hiyo Mkristo wa pwani anamwabudu Mungu katika nyumba yenye jina alilopewa na Waarabu, na Mwislamu wa pwani akikosea sheria hufungwa katika nyumba yenye jina alilopewa na Wareno Wakatoliki. Mwenye kutafuta usafi wa nasaba katika Kiswahili ana safari ndefu.

Na kama ni majengo yanayogeuka, basi Unguja ina lingine lililogeuka kinyumenyume. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini lilijengwa kuanzia mwaka 1873 palipokuwa na soko la watumwa, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia saini kulifunga soko hilo, na ujenzi ukasimamiwa na Askofu Edward Steere, ambaye ndiye pia aliyekusanya hadithi za Waunguja na kuandika kitabu cha kufundishia lugha yao. Pale, mahali pa minyororo pamekuwa kanisa. Mita mia kadhaa kutoka hapo, kanisa lilikuwa limekuwa mahali pa minyororo. Kuta hizo za Ngome Kongwe nazo hazikukomea hapo. Katika karne ya 20 ziliwahi kuwa karakana ya reli ya Bububu, zikawa klabu ya wanawake, na tangu miaka ya 1990 na 2000 ni mahali pa tamasha la filamu na la muziki. Usiku wa tamasha ngoma hulia juu ya misingi ya kanisa, na vijana hucheza pale mfungwa alipokuwa akihesabu siku. Hakuna aliyependekeza kwamba kwa ajili hiyo neno kanisa sasa lina maana ya taarabu.

Washairi wana deni lao la peke yao katika jambo hili. Neno gereza linampendeza mtunzi kwa sababu zisizohusiana na tarehe. Lina mizani tatu, sawa na kanisa, na kwa hiyo linaingia pale pale kanisa linapotoka bila kuusumbua mshororo. Na kina chake cha za ni kina cha raha, kwani Kiswahili kimejaa vitenzi vya kutuliza, kuliza, kuchagiza na kuangamiza. Jela haina wasaa huo. Ni mizani mbili kavu, za Kiingereza. Basi si ajabu kwamba mtunzi wa malumbano akitaka kumchoma mpinzani wa dini nyingine hukuta silaha imeshaandaliwa na lugha. Hulitia gereza mwanzoni na kanisa mwishoni, akapigiwa makofi. Makofi hayo ni ya wepesi wa vina. Hoja haimo.

Hasara kubwa zaidi iko katika kusoma. Mtu anapokutana na gereza katika utungo au hati ya zamani za Mazrui wa Mombasa au za masultani wa kwanza wa Unguja, akalifasiri jela bila kufikiri, ameuvunja utungo. Aliyeshika gereza katika zama zile ameshika mji. Aliyetolewa gerezani huenda ni liwali aliyeangushwa. Aliyeingia gerezani huenda ni mshindi aliyeingia na tarumbeta. Mazrui waliishi ndani ya ngome ya Mombasa kama watawala kwa miaka kadhaa hadi mwaka 1837, ilipochukuliwa na Seyyid Said. Kusema walikuwa gerezani kwa maana ya leo ni kumfanya mfalme mahabusi kwa kosa la kamusi. Wahariri wanaochapisha tungo za kale na kuweka chini yake maelezo ya neno moja, "gereza: jela", wanawapotosha wanafunzi walioamini kwamba mhariri ni mwenye kujua. Na kamusi za skuli, nyingi kati yake, zinafanya hivyo hivyo: zinatoa maana ya jela, pengine zinadokeza kwamba neno ni la Kireno, na zinapita. Maana ya ngome haimo. Mwanafunzi anaambiwa mwanzo na mwisho wa safari, na katikati yake anaachiwa aijaze kwa hadithi ya mlangoni.

Mshairi anayeijua safari yote hapotezi kitu; anapata. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alifungwa na serikali ya Kenya kwa sababu ya waraka wake wa Kenya Twendapi wa mwaka 1968, na tungo alizozitunga kifungoni baina ya 1969 na 1972 zilitolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Hakufungwa katika Ngome ya Yesu. Wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa makumbusho. Lakini alikulia katika mji ambao jela yake ilikuwa ngome, na ngome yake ilikuwa na jina la Nabii. Mtunzi wa mji kama huo ana neno moja lenye vyumba vitatu ndani yake: cha ibada, cha vita na cha kifungo. Kumfungia chumba kimoja tu ndiko kumfunga.

Iwapo bado yuko anayeshikilia kwamba jina la jela lazima lishuhudie yaliyotendeka ndani ya jengo lililotoa jina, na atazame Zanzibar ya leo. Bara kuna Jeshi la Magereza. Kenya kuna Idara ya Magereza. Lakini Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali iliona neno gereza halifai, ikayaita majumba hayo Vyuo vya Mafunzo. Mtu akihukumiwa Unguja au Pemba hupelekwa Chuo cha Mafunzo, na mtaani husemwa tu "yuko Mafunzo". Nia ya jina ilikuwa njema: mkosaji arekebishwe, afundishwe kazi, arudi kwao mtu mpya. Kama jina limetimiza nia hiyo ni suali la wenye kuingia na kutoka humo. Ila chuo, kwa lugha ya visiwani, kilikuwa nini kabla ya hapo? Chuo ni kitabu. Chuoni ni mahali mtoto anapokwenda asubuhi na juzuu yake kwapani kusomeshwa Kurani, na mwanachuoni ni mtu anayevuliwa kofia. Neno lenye heshima kuliko mengi katika Uislamu wa pwani limetundikwa juu ya lango la jela, tena kwa amri ya serikali, mchana kweupe, na walioyafanya hayo wote walisoma chuoni.

Sasa na aje msimulizi wa miaka mia tatu ijayo, asiyejua lolote ila maneno. Akute kwamba Wazanzibari waliita jela chuo. Akute kwamba chuo ni mahali pa Kurani. Ataunganisha kama walivyounganisha wa leo: Wazanzibari waliwafungia watu katika vyuo vya Kurani, na wenyeji waliichukia dini ile hata wakaliita somo jela. Atasimama langoni awasimulie wageni, nao watatikisa vichwa. Akivuka hadi Changuu ataambiwa na vitabu vya watalii kwamba hicho ni Kisiwa cha Jela, na atawalilia wafungwa walioteseka humo. Kumbe jela iliyojengwa pale miaka ya 1890 iliishia kuwa karantini ya wasafiri, na wanaojulikana zaidi kwa kukaa kisiwani humo ni kobe.

Kinachotakiwa si kingi, na hakihitaji kamati. Kamusi zinazoandaliwa ziliandike neno hili kwa maana zake mbili, ngome kwanza na jela baadaye, na kando yake ziitaje Kilwa, ambako maana ya kwanza ingali hai. Wahariri wa tungo za kale waiangalie tarehe kabla ya kuitia tanbihi. Na kule Mombasa, kati ya yote anayoelezwa mgeni kuhusu mizinga na mahandaki, aonyeshwe pia palipokuwa kanisa ndani ya ngome, aambiwe kwamba neno lilitokea hapo, kwa kuwa mlango wa kwendea kanisani na mlango wa kwendea kwa askari ulikuwa mmoja.